Kampuni inapotaka kununua tena gari yake: kisa cha pikapu zilizoliwa na kutu

Mwaka wa 2008, wenyi pikapu za Toyota Tacoma kule Marekani walipata habari isiyo ya kawaida. Kampuni iliyotengeneza gari yao ilikuwa tayari kuinunua tena, hata kama imeshatembea miaka kumi na zaidi. Bei iliyotajwa ilikuwa mara moja na nusu ya ile iliyoandikwa kwa gari nzuri ya umri ule. Sababu ni moja: shasi za magari mengi zilikuwa zinaliwa na kutu, na zingine zilikuwa zimeshatoboka.

Kwa mutu anayeangalia toka mbali, jibu ni rahisi: pokea franga, tafuta gari ingine. Lakini kwa mwenyi gari hesabu haikuwa nyepesi vile. Pikapu ni chombo cha kazi. Inabeba vyombo vya mujenzi, kuni, mazao ya shamba, na watoto wakienda masomo. Kuirudisha ni kukubali kuanza upya.

Kisa hiki kinawahusu pia wakaaji wa mashariki ya Kongo, ambako magari mengi yanafika yakiwa yameshatumika mahali pengine. Haki ya kurudishiwa franga inabaki na jina la mutu, tarehe, na inchi yake. Kutu yenyewe inasafiri pamoja na chuma.

Shasi ilikuwa na shida gani?

Tacoma ni ndugu wa Hilux. Ilianza kuuzishwa Amerika ya Kaskazini mwaka wa 1995, ikachukua nafasi ya Hilux kule. Njo maana haionekani sana kwa barabara za Kivu ao Ituri, ambako Hilux ndiyo inayojulikana.

Kwa pikapu, shasi ni sawa uti wa mugongo. Ni vyuma viwili virefu vinavyotoka mbele mpaka nyuma, na vingine vifupi vinavyoviunganisha. Moteri, kabini, sanduku la muzigo, tanki ya mafuta, resori na mabomba ya freni, vyote vinashikilia pale. Shasi za Tacoma zile hazikutengenezwa na Toyota yenyewe. Zilitoka kwa kampuni ingine ya Marekani, Dana, na baadaye, mwaka wa 2011, kampuni hizo mbili zilimaliza madai yao juu ya kutu kwa Dana kukubali kulipa Toyota dola milioni 25. Kwa magari ya mwaka wa 1995 mpaka 2000, Toyota ilieleza kwamba shasi zingine huenda hazikupata kinga ya kutosha ya kuzuia kutu.

Kinga ikikosa, chumvi inamaliza kazi. Katika majimbo ya kaskazini ya Marekani, wakati wa baridi serikali inamwaga chumvi barabarani ili barafu iyeyuke. Maji yenye chumvi yanaruka chini ya gari, yanaingia ndani ya shasi kupitia matundu madogo, yanachanganyika na udongo na kubaki pale. Chumvi inaharakisha kutu kuliko maji matupu. Na kwa sababu kutu inaanzia ndani, kwa nje rangi nyeusi inaweza kuonekana bado nzuri, kumbe chuma kimebaki chembamba sawa kopo. Sehemu mbaya zaidi ni zile ambako vyuma viwili vinalaliana, karibu na pale resori za nyuma zinashikilia. Gari ikibeba muzigo, uzito wote unapita pale.

Mambo mawili yanayochanganywa

Watu wengi wanafikiri kila mara kampuni inapoita magari, ni jambo lile lile. Kuna tofauti kubwa.

La kwanza ni mwito wa usalama, ule Wafaransa wanaita rappel. Marekani kuna sheria ya mwaka wa 1966 juu ya usalama wa magari, na ofisi ya serikali inayoisimamia inaitwa NHTSA. Gari ikiwa na kasoro inayoweza kuleta ajali, kampuni inalazimishwa kuwaandikia wenyi magari na kutoa dawa bure. Sheria inataja dawa tatu: kutengeneza, kubadilisha gari kwa ingine ya namna moja, ao kurudisha franga baada ya kutoa thamani iliyoisha kwa sababu ya matumizi. Kampuni njo inayochagua dawa, na karibu kila mara inachagua kutengeneza, kwa sababu ni rahisi zaidi.

La pili ni mupango wa kampuni yenyewe. Hapo kampuni inarefusha garanti ao inatoa msaada kwa masharti iliyojiandikia. Mupango wa Tacoma wa 2008 ulikuwa wa namna hii. Toyota ilirefusha garanti ya shasi mpaka miaka 15 tangu siku gari ilipouzishwa mara ya kwanza, bila kuangalia kilometa. Magari yaliyohusika yalikuwa zaidi ya 800,000. Mwenyi gari alipaswa kuipeleka kwa muuzaji wa Toyota ili shasi ichunguzwe. Ikiwa kutu imepita kiasi, kampuni inanunua gari. Baadaye mupango uliongezwa mpaka magari ya 2001 mpaka 2004, na kwa yale mengi yalibadilishiwa shasi nzima.

Mwito wa usalama wenyewe ulifuata kwa magari mengine. Mwezi wa 11 mwaka wa 2009, Toyota iliita Tundra 110,000 hivi za mwaka wa 2000 mpaka 2003 katika majimbo 20 yenye baridi. Chuma cha nyuma kinachoshikilia gurudumu la akiba kilikuwa kinaoza, na gurudumu lingeweza kuanguka barabarani mbele ya gari ingine. Mabomba ya freni ya nyuma nayo yalikuwa hatarini. Mwaka wa 2012, Tacoma 150,000 hivi za 2001 mpaka 2004 ziliitwa pia juu ya gurudumu la akiba.

Tofauti hii si ya maneno tu. Kwa mwito wa usalama, serikali iko nyuma ya mwenyi gari. Kwa mupango wa kampuni, mwenyi gari anategemea masharti yaliyoandikwa, na siku ya mwisho ikipita, mulango unafungwa.

Bei ilihesabiwa namna gani

Marekani kuna kitabu cha bei za magari kinachoitwa Kelley Blue Book, kilichoanza mwaka wa 1926. Wauzaji na mabanki wanakitumia kujua gari ya umri fulani inastahili bei gani. Wakati ule kitabu kilikuwa kinapanga magari kwa hali yake: nzuri sana, nzuri, ya katikati, mbaya.

Toyota ilikubali kuhesabu kila gari sawa vile iko katika hali nzuri sana, hata kama ina makovu, kiti kimepasuka ao moteri imechoka. Kisha ikaongeza nusu ya bei ile. Tuseme kwa mufano kwamba kitabu kinaandika dola 6,000 kwa pikapu ya hali nzuri sana. Mwenyi gari anapata dola 9,000. Sokoni, pikapu ile ile yenye shasi iliyotoboka isingepata hata nusu ya 6,000, kwa sababu fundi yeyote akiingia chini angeona.

Kwa gari iliyochoka, hiyo ilikuwa baraka. Kwa mutu aliyetunza gari yake vizuri, hesabu ilikuwa ingine.

Hesabu ya mwenyi gari

Wenyi Tacoma walipima mambo kadhaa, na mengi yanafanana na yale mwenyi kamiyo ao pikapu popote angepima.

Kwanza, bei ya kupata ingine. Dola 9,000 ni nyingi kwa gari ya zamani, lakini hazitoshi kununua pikapu mupya. Mutu aliyekuwa na gari isiyo na deni angejikuta na deni la banki. Na mwaka wa 2008 mabanki ya Marekani yalikuwa ndani ya shida kubwa, mukopo ulikuwa mugumu. Upande mwingine, katikati ya mwaka ule bei ya esanse kule ilipanda mpaka kupita dola 4 kwa galoni, na pikapu za zamani zilishuka bei. Franga za mukononi zilikuwa na nguvu.

Pili, vitu vilivyoongezwa juu ya gari. Mutu aliyenunua magurudumu mapya, kifuniko cha sanduku, ao aliyebadilisha moteri mwaka uliopita, kitabu cha bei hakikumuhesabia kazi ile yote.

Tatu, muda. Garanti ilikuwa ya miaka 15 tangu siku ya kwanza ya kuuzishwa. Gari ya mwaka wa 1995 ilikuwa inafika mwisho wake mwaka wa 2010. Ikiwa leo shasi ina kutu lakini haijatoboka vya kutosha, mwenyi gari anabaki na swali: itatoboka mbele ya tarehe, ao mwezi mumoja nyuma yake? Shasi kuoza haraka ilikuwa franga. Shasi kuoza polepole ilikuwa hasara ya mwenyi gari peke yake.

Nne, na hili njo lilipaswa kuwa la kwanza, hatari. Shasi ikikatika wakati gari inakimbia, kabini na sanduku vinapinda kila kimoja upande wake. Mabomba ya freni yanaweza kukatika, usukani haufuati tena mikono ya shofere. Hatari ile si ya mwenyi gari tu. Ni ya mutu aliyeketi kando yake, na ya yule anayekuja mbele akiwa hana habari ya kitabu chochote cha bei.

Watu wengine wanafikiria njia ya tano: kufunika kutu kwa rangi ao kuchomelea kipande cha chuma, kisha kuuzisha gari kwa mutu mwingine. Kuchomelea chuma kilichooza hakusaidii sana, kwa sababu pembeni ya kipande kipya kunabaki chuma chembamba kile kile, na gari inakatika pale. Lakini njia hiyo ipo kila inchi, na njo inayofanya gari mbaya iendelee kusafiri.

Kisa cha Ram: anayekimbilia garaji na anayengoja

Mwaka wa 2015, kampuni Fiat Chrysler ilijikuta mbele ya NHTSA kwa sababu ya miito mingi iliyofanywa polepole ao vibaya. Mwezi wa 7, ilikubali malipizi ya dola milioni 105, na ikakubali pia kununua tena pikapu za Ram ambazo sehemu za usukani ao za muhimili wa nyuma zilikuwa na kasoro na zingeweza kumufanya shofere asiweze kuongoza gari. Magari yaliyotajwa yalikuwa zaidi ya 500,000.

Bei ilikuwa ile gari ilinunuliwa nayo mara ya kwanza, kutoa thamani iliyoisha, kisha kuongeza asilimia 10. Lakini kulikuwa na sharti. Gari iliyokuwa imeshatengenezwa haikuhesabiwa tena. Kampuni ilisema kwamba zaidi ya asilimia 60 zilikuwa zimeshapita garajini, na zilizobaki hazikufika 200,000.

Hapo jambo la kushangaza linaonekana. Mutu aliyesikia mwito na kupeleka gari yake haraka, sawa vile alivyoombwa, hakuwa na haki ya kuirudisha. Aliyepuuza barua, akaendelea kutembea na usukani wenye kasoro, aliweza kuchagua. Hata hivyo aliyekimbilia garaji alikuwa amepata kitu ambacho hakipimwi kwa dola: miaka ile yote usukani wake ulikuwa mzima.

Jambo lingine: Fiat Chrysler iliruhusiwa kutengeneza magari yale iliyonunua na kuyauzisha tena. Kununua tena gari, basi, si kuiondoa barabarani. Inaweza kurudi na mwenyi mwingine.

Mukataba wa 2016

Juu ya kutu, Toyota ilirudi mbele ya waamuzi kwa magari mapya zaidi: Tacoma za 2005 mpaka 2010, Tundra za 2007 na 2008, na Sequoia za 2005 mpaka 2008. Magari milioni 1.5 hivi. Mwaka wa 2016 kulitangazwa mukataba ambao gharama yake ilikadiriwa kufika dola bilioni 3.4. Toyota haikukubali kosa, lakini ilikubali kuchunguza magari kwa miaka 12 tangu kuuzishwa kwake kwa kwanza, na kubadilisha shasi yenye tundu la kutu la milimita 10 ao zaidi.

Safari hii hakukuwa kununua tena gari. Kubadilisha shasi ya gari moja kulikadiriwa kugharimu mpaka dola 15,000, ambazo zinapita bei ya pikapu nyingi za umri ule. Kwa mwenyi gari aliyependa gari yake, hii ilikuwa bora: anabaki na moteri anayoijua, juu ya shasi mupya. Aliyetaka kuachana na gari alipaswa kutafuta mununuzi mwenyewe.

Gari inapovuka bahari

Barua za miito hii zinatumwa kwa jina na adresi iliyoandikishwa kule gari ilipo. Gari ikiuzishwa kwa munada na kupandishwa meli, barua inafika kwa mutu ambaye hana gari tena, ao haifiki popote. Ripoti ya umoja wa mataifa juu ya mazingira ya mwaka wa 2020 ilihesabu magari madogo milioni 14 yaliyotumika ambayo Japani, Ulaya na Marekani ziliuzisha nje kati ya 2015 na 2018. Karibu 8 kwa kila 10 yalienda katika inchi zenye kipato kidogo ao cha katikati.

Mashariki ya Kongo iko mwisho wa njia hiyo. Magari yanashuka Mombasa ao Dar es Salaam, yanapita Uganda, Rwanda, Burundi ao Zambia, yanaingia kwa Kasindi, Bunagana, Goma, Bukavu, Uvira ao Kasumbalesa. Mwenyi gari anapata makaratasi ya duane na karte roz. Hapati barua ya kiwanda. Na hata akijua kasoro, mupango sawa ule wa Tacoma ulifanywa kwa wauzaji wa Marekani, si kwa garaji ya Butembo.

Kutu nayo haitaji baridi ya Marekani peke yake. Kaskazini ya Japani, kwa mufano Hokkaido, barabara zinamwagiwa pia dawa ya chumvi wakati wa teluji. Hilux ao kamiyo iliyotumika kule inaweza kufika Goma ikiwa na kabini inayong'aa na shasi iliyoanza kuoza ndani. Kisha inabebeshwa magunia ya unga na abiria juu yake, inapanda milima ya Ngomo kati ya Bukavu na Kamanyola. Shasi ikikatika pale, hakuna nafasi ya kuegesha pembeni.

Mambo ya kuchunguza mbele ya kulipa

Namba ya shasi. Gari zilizotengenezwa kwa soko la Marekani zina namba ya alama 17, inayosomeka chini ya kioo cha mbele na ubavuni mwa mulango. Ile inayosomwa kwa gari ifanane na ya makaratasi yote. Mutu yeyote mwenyi intaneti anaweza kuingiza namba ile bure kwenye ukurasa wa NHTSA na kuona kama kuna mwito ambao haujafanyiwa kazi. Gari za soko la Japani zina namba fupi zaidi, na viwanda vya kule vina kurasa zao za kuichunguza.

Namba safi haimaanishi gari safi. Ukurasa wa NHTSA hauonyeshi miito iliyopita miaka 15, na hauonyeshi mipango ya kampuni sawa ule wa Tacoma wa 2008. Gari iliyoliwa na kutu inaweza kutoka pale bila doa.

Kwa hiyo kunabaki kazi ya fundi. Gari ioshwe chini, ipandishwe, kisha shasi igongwe kwa nyundo ndogo toka mbele mpaka nyuma. Chuma kizima kinalia. Chuma kilichooza kinatoa sauti nzito, na turunevisi ikisukumwa pale inaweza kuingia. Sehemu za kukazia macho ni pale resori zinashikilia, juu ya tanki ya mafuta, penye mabomba ya freni, na penye gurudumu la akiba. Rangi nyeusi mupya chini ya gari ya zamani ni sababu ya kuuliza, na vipande vilivyochomelewa vilevile.

Mwenyi kuuzisha akikataa gari isipandishwe ao isigongwe, mununuzi ameshapata jibu. Na yule ambaye gari ni yake tayari, fundi akaonyesha tundu kwa shasi, asingoje barua. Kwa njia hii ya Kasindi na Bunagana hakuna barua itakayofika. Apunguze muzigo, aondoe abiria kwa sanduku, na gari isitoke garajini mpaka shasi ibadilishwe.